Mahindi ya Ng'ambo ya Sabaki: Chimbuko la Vita vya Wagiriama vya 1914

Katikati ya Agosti 1914, siku chache baada ya Uingereza kuingia katika vita na Ujerumani, na wakati ambapo Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta kwenye mpaka wa kusini, serikali ya Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani nchi ambayo tangu 1920 imeitwa Kenya, ilijikuta inapeleka askari katika vita vingine, bara ya Malindi na Takaungu, dhidi ya watu ambao maafisa wake walikuwa wamezoea kuwaeleza kuwa ni wakulima wapole wasiopenda ugomvi. Watu hao ni Wagiriama, kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa makabila tisa ya Wamijikenda, na vita hivyo wenyewe waliviita kwa jina la afisa aliyetumwa kuwatawala, Arthur Champion, ambaye ndimi za Kigiriama zilimgeuza kuwa Chembe.

Maelezo ya chimbuko la vita hivyo yamekuwa na mikondo miwili. Maafisa wa wakati ule waliyatupa makosa kwa mwanamke mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, na kwa viapo alivyowalisha watu, kana kwamba nchi nzima ilikuwa imetulia hadi alipoanza kusema. Simulizi za leo, ambazo zimemfanya Mekatilili kuwa shujaa wa taifa na kumjengea sanamu mjini Malindi, zimeupindua mkondo huo bila kuubadili sana, kwa sababu nazo pia huanzia kwake na kuishia kwake. Hakuna shaka kwamba alikuwa kiongozi wa ajabu. Hata hivyo, mwenye kutaka kujua kwa nini maneno yake yalipokewa upesi namna ile, na kwa nini serikali yenye maafisa wachache na fedha kidogo iliamua kuwavunja watu ambao kwa miaka mingi haikuwashughulikia, hana budi kuanza na mahindi.

Wagiriama, kama Wamijikenda wenzao, husimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini, wakashuka hadi kwenye vilima vilivyo nyuma ya pwani ya Mombasa na Kilifi, na huko kila kundi likajenga kaya yake. Kaya ni mji uliozungushiwa msitu mnene, wenye njia chache za kuingilia na uwanja katikati, ambamo lilizikwa fingo, yaani kago la kuwakinga wakazi, na ambamo wazee walikaa kukata mashauri. Kaya ya Wagiriama ndiyo Kaya Fungo, iliyo bara ya Kaloleni. Wazee waliopanda ngazi zote za heshima, ambazo zilipatikana kwa umri, kwa rika na kwa kutoa mali ya karamu, waliunda baraza lililoitwa kambi, nalo ndilo lililoamua kesi za mauaji, uchawi na mirathi. Kambi haikuwa na mfalme wala chifu, haikuwa na askari, na amri yake ilisimama juu ya heshima na juu ya hofu ya viapo vilivyohifadhiwa na vyama vya siri vya wazee, kikiwamo kiapo cha fisi, ambacho kiliogopwa kuliko vyote.

Jambo ambalo Waingereza hawakulielewa, na ambalo lina uzito mkubwa katika habari hii, ni kwamba utaratibu huo ulikuwa tayari umelegea kabla hawajafika. Tangu miaka ya kati ya karne ya 19 Wagiriama walianza kutoka katika kaya na kutawanyika kuelekea kaskazini, wakifuata ardhi mpya na malisho, na kuikimbia njaa iliyorudi mara kwa mara katika nyika kavu. Kufikia miaka ya 1890 wengi walikuwa wameufikia mto Sabaki, ambao juu huitwa Galana na humwaga maji yake baharini karibu na Malindi, na baadhi walikuwa wameuvuka. Kaya Fungo ikabaki na wazee wachache na kaburi la mambo ya kale, huku mamlaka ya kweli yakihamia kwa wakuu wa miji, yaani wanaume wenye wake, watoto, ng'ombe na ghala, ambao kila mmoja alijitawala katika boma lake.

Bonde la Sabaki, na hasa upande wa kaskazini wa mto, liliwapa Wagiriama kitu ambacho vilima vya kaya havikuwahi kuwapa. Mafuriko yaliacha udongo mweusi wenye rutuba, na hata mwaka ambao mvua zilichelewa mwambao wa mto uliweza kulimwa. Walilima mtama, wimbi na zaidi ya yote mahindi, ambayo yalivunwa na kuhifadhiwa juu ya uchaga, mahali ambapo moshi wa meko uliyakausha na kuyakinga na wadudu, hata mji uliopata mavuno mazuri ungeweza kula akiba yake na bado ukauza. Wanunuzi walikuwa karibu: wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili wa Malindi, Mambrui na Takaungu walipakia nafaka hiyo katika majahazi kwa soko la Arabuni na Unguja. Biashara hiyo ilifuata njia za zamani, kwa kuwa Wagiriama ndio waliokuwa wakileta pwani pembe za ndovu, sandarusi na ng'ombe kutoka bara tangu zamani za masultani, na walijua bei, mizani na hila za wachuuzi kama mtu yeyote wa mjini. Wachache walitajirika sana. Ngonyo wa Mwavuo, aliyeweka makao yake Marafa, kaskazini ya Sabaki, alikuwa na wafuasi wengi, wakiwamo waliowahi kuwa watumwa, na kwa mali na watu aliweza kulinganishwa na mwenyeji yeyote mkubwa wa mwambao.

Uhusiano wao na watu wa pwani haukuwa wa utii wala wa uadui wa kudumu. Watu wa mijini waliwaita Wanyika, yaani watu wa porini, jina ambalo halikuwa na heshima, na simulizi za biashara ya utumwa hazijasahauliwa na Wamijikenda hata leo; lakini koo za Kiarabu na Kigiriama zilifungamana kwa viapo vya undugu, na kila upande ulimhitaji mwenzake. Ushahidi mzuri ni vita vya Mazrui, ukoo wa Kiarabu wa mwambao, vya 1895 na 1896. Serikali ya Kiingereza, iliyokuwa imeichukua nchi kutoka kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki mnamo Julai 1895, ilimwunga mkono mgombea wake katika urithi wa uongozi wa Takaungu, na Mazrui walioachwa nje, pamoja na Mbaruk bin Rashid wa Gasi, wakaamua kupigana. Aziz, mmoja wa viongozi wao, alikimbilia kwa Wagiriama, na wengi wao walimpa chakula, maficho na wapiganaji. Mbaruk alipokimbilia upande wa Wajerumani mwaka 1896 na vita kwisha, Wagiriama waliachwa bila adhabu kubwa, kwa sababu serikali haikuwa na uwezo wa kuwafuata porini na macho yake yalikuwa yameelekea kwenye reli ya Uganda. Wao waliondoka katika vita hivyo wakiamini kwamba wamepatana na Waingereza kama jirani na jirani, ilhali Waingereza waliondoka wakiamini kwamba wamewasamehe raia wao, na tofauti hiyo ilikaa kimya kwa miaka 15.

Kilichokivunja kimya hicho hakikutoka Ugiriama. Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika mwambao, na wamiliki wa mashamba wa Kiarabu na Kiswahili, ambao Malindi yao ilifufuliwa katika miaka ya 1860 kwa jembe la mtumwa, wakabaki na ardhi bila mikono. Wakati huohuo makampuni na walowezi wa Kizungu walianza kununua na kukodi mashamba kati ya Mombasa na Malindi ili kupanda mpira, pamba na mkonge, wakivutiwa hasa na bei ya mpira ambayo ilipanda sana karibu na 1910. Huko nyanda za juu nako walowezi walikuwa wakililia vibarua, reli ilihitaji watu, bandari ya Mombasa ilihitaji watu, na malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1912 Gavana Henry Belfield aliunda tume ya kuchunguza suala la wafanyakazi Waafrika. Katika mazingira hayo, maelfu ya Wagiriama waliolima mashamba yao umbali wa siku moja au mbili kutoka Malindi walionekana na serikali kuwa ni hazina ya nguvu kazi iliyolala.

Hapa ndipo penye kiini cha mgogoro. Njia ya kawaida ya serikali za kikoloni ya kuwapata vibarua bila kuwakamata ilikuwa kodi. Kodi ya nyumba, ambayo mtu alilipa kwa kila kibanda cha mji wake, ilianzishwa katika himaya mwaka 1901 na baadaye ikapandishwa hadi kufikia rupia tatu, na hesabu yake ilikuwa rahisi: Mwafrika asiye na fedha atakwenda kwa Mzungu kuzitafuta. Hesabu hiyo ilifaulu katika wilaya nyingi, lakini Wagiriama waliiharibu, kwa sababu mwenye ghala hakuhitaji kwenda popote. Aliuza mahindi au mbuzi, akalipa ikiwa mkusanyaji alimfikia, akarudi shambani mwake. Mshahara wa kibarua wa mwezi haukulingana na kile ambacho mikono hiyohiyo ingezalisha kando ya mto, na kijana aliyekwenda mashambani wakati wa palizi aliikosesha familia yake mavuno ya mwaka. Maafisa walioliita jambo hilo uvivu walikuwa wakiwatazama watu walioilisha Malindi na kujaza majahazi yake. Ni ajabu kwamba takwimu za mauzo ya nafaka na malalamiko juu ya uvivu zilitoka katika ofisi za serikali moja.

Kulikuwa pia na sababu ya ndani ambayo wageni hawakuiona kabisa. Katika mji wa Kigiriama, baba ndiye aliyeshika mali, na kijana alilima shamba la baba akijua kwamba siku ya kuoa mahari yake yatatoka katika zizi la baba huyo. Kodi ya nyumba ililipwa na mwenye mji, si na kijana. Kijana ambaye angepata rupia zake kwa Mzungu angeweza kujilipia mahari, kujenga kibanda chake na kuondoka, na hapo mamlaka ya mwenye mji, ambayo ndiyo mamlaka pekee yaliyobaki imara baada ya watu kutoka katika kaya, yangeanguka. Serikali, kwa hiyo, ilipowaomba wazee wawatoe vijana, iliwaomba wazivunje nyumba zao kwa mikono yao wenyewe, kisha ikashangaa walipoitikia kwa maneno na kukataa kwa vitendo.

Suala la ardhi liliongeza uchungu. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwawezesha watu kudai umiliki binafsi katika ukanda wa maili 10 wa mwambao, ambao kisheria ulikuwa wa Sultani wa Unguja, na Waarabu, Waswahili na Wahindi waliopeleka madai yao walipata hati, lakini Wamijikenda walihesabiwa kuwa ni watu wa bara wasio na haki ndani ya ukanda huo, hata pale walipokuwa wakilima kwa miaka mingi. Ardhi isiyodaiwa iliingia mikononi mwa serikali, na kutoka huko ikawa tayari kugawiwa makampuni. Kwa njia hiyo Wagiriama waliofika Sabaki wakiwa wakulima huru walianza kuonekana katika karatasi kuwa ni wavamizi au wapangaji katika mashamba yao wenyewe. Biashara ya pembe nayo ilikuwa imebanwa na sheria za wanyama wa porini, na kile kilichokuwa desturi ya mwindaji kikawa kosa la jinai.

Mwaka 1912 Charles Hobley alipewa mkoa wa pwani. Huyu alikuwa afisa mzoefu, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika nchi ya magharibi karibu na Ziwa Nyanza, na alikuja na imani iliyomea huko, kwamba wenyeji wakipewa machifu, kodi na msukumo wa kutosha wataingia katika uchumi wa himaya. Mwaka huo pia ilipitishwa sheria ya mamlaka ya wenyeji, ambayo iliwapa machifu walioteuliwa uwezo wa kutoa amri na kuwatoa watu kwenda kutengeneza barabara. Mwishoni mwa 1912 Arthur Champion alitumwa kukaa miongoni mwa Wagiriama, akiwa afisa wa kwanza wa serikali kuishi nao kwa kudumu, na kazi yake ilikuwa kuhesabu vibanda, kukusanya kodi, kuwasimamia machifu na kupeleka vibarua. Champion hakuwa mtu wa kuchukiza kwa tabia. Aliwachunguza Wagiriama kwa makini, na maandishi yake juu ya mila zao, yaliyochapishwa baadaye sana, mwaka 1967, yanasomwa na wataalamu hadi leo. Hilo halikumsaidia kitu, kwa kuwa alichokiona katika maisha yao na alichotumwa kukitaka kwao vilipingana.

Machifu wake walikuwa udhaifu mkubwa wa mpango wote. Serikali iliwateua watu katika kila eneo ikidhani kuwa imewatambua viongozi wa jadi, lakini kwa Mgiriama hapakuwa na cheo cha chifu, na mtu aliyelipwa mshahara na Mzungu ili awaamuru wenye miji wenziwe hakuwa na kaya, rika wala kiapo cha kumtia nguvu. Wengi wa machifu hao walitambua hali yao upesi: wakitekeleza amri watachukiwa na ndugu zao, na wasipotekeleza watatozwa faini na Champion. Baadhi walitafuta njia ya katikati, wakimwambia Mzungu kwamba vijana wanakuja na kuwaambia vijana wasiende, na kwa miezi kadhaa utawala wa Ugiriama uliendeshwa kwa ahadi za aina hiyo.

Ni katika pengo hilo, kati ya machifu wasio na mamlaka na wazee wa kambi wasio na kazi, ndipo Mekatilili alipopata nafasi katika mwaka 1913. Jina lake maana yake ni mama wa Katilili, kwa desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe, na alikuwa mjane wa makamo ambaye hakuwa na cheo chochote katika utaratibu wa kaya. Alizunguka kutoka mji hadi mji akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ambayo huchezwa na wanawake katika maombolezo na kwa hiyo haikumtia shaka afisa aliyeisikia kwa mbali, na katika mikusanyiko hiyo alisema waziwazi kwamba machifu wameuza nchi kwa kupokea mishahara, kwamba vijana wanaochukuliwa hawatarudi, na kwamba Ugiriama hauna budi kurudi katika desturi zake. Simulizi zinaeleza kuwa alikuwa na kisa cha kulipiza, kwa sababu ndugu yake alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa. Iwe hivyo au la, wasikilizaji wake walikuwa watu ambao wazazi wao waliona misafara ya watumwa, na Mzungu aliyekuja kuhesabu vijana ili awapeleke mashamba yaleyale ya Malindi yaliyolimwa na watumwa hakuhitaji kuelezwa sana. Waliosikia pia walikuwa wamelelewa na habari za Mepoho, nabii mwanamke wa Kimijikenda ambaye inasemekana alitabiri kuja kwa wageni wenye nywele kama nyuzi za katani na kuharibika kwa nchi.

Kwamba sauti hiyo ilikuwa ya mwanamke si jambo la bahati. Mwanamke wa Kigiriama ndiye aliyepalilia, aliyevuna na aliyepanda uchagani kushusha mahindi, na kuondoka kwa mtoto wa kiume kulimaanisha kwake kazi mbili na ghala nusu. Wanawake walikuwa na kiapo chao chenye nguvu, mukushekushe, na Mekatilili aliweza kuwafunga kwa kiapo hicho wakati ambapo wanaume, wakiongozwa na mzee Wanje wa Mwadorikola, walifungwa kwa kiapo cha fisi. Mkusanyiko mkubwa ulifanyika katika Kaya Fungo yenyewe, katika msitu ambamo wengi wa waliohudhuria hawakuwahi kuishi. Viapo vilikataza kumpa Mzungu vijana na kushirikiana na machifu wake, na matokeo yalionekana mara moja: wito wa vibarua haukuitikiwa, machifu walinyamaza kwa kuogopa kufa kwa kiapo, na Champion akabaki na askari polisi wachache katikati ya watu waliomsalimu kwa adabu na kupita zao. Katika kipindi hiki ndipo simulizi huweka kisa maarufu cha kuku na vifaranga, ambapo Mekatilili alimwonyesha Champion kuku akamtaka achukue kifaranga kimoja, na mama kuku akamrukia. Kisa hicho husimuliwa kwa namna nyingi, wengine wakiongeza kwamba Champion alipigwa kofi, na ukweli wake wa kisiasa ni mkubwa kuliko ule wa kumbukumbu za mkutano.

Hadi hapo hapakuwa na vita. Palikuwa na mgomo, na serikali iliyokuwa na subira ingeweza kuuacha ufe wenyewe, kwa sababu viapo huchakaa na wenye miji wa Sabaki hawakupenda kukaa mbali na mashamba yao. Hobley hakuwa na subira hiyo. Mnamo Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi, na mwanzoni mwa 1914 wakatoroka na kurudi pwani kwa miguu, jambo lililowapa sifa ambayo hotuba peke yake isingewapa. Wakati huohuo serikali ilifanya uamuzi ambao, kwa kipimo chochote, ndio uliogeuza mgomo kuwa hatari: iliamua kwamba Wagiriama wote walio kaskazini ya Sabaki waondolewe na kurudishwa kusini ya mto. Sababu zilizotolewa zilikuwa za utawala, yaani kwamba watu waliotawanyika hawatawaliki na hawatozeki kodi. Sababu zisizohitaji kutolewa zilikuwa mbili: ardhi ile ingefaa kwa mashamba makubwa, na Mgiriama akikosa udongo wa ng'ambo atakosa mahindi, na akikosa mahindi atakuwa kibarua. Kodi ilikuwa imeshindwa kuvunja ghala, na sasa ghala lenyewe lilikuwa liondolewe.

Amri ya kuhama iliwagusa hata wale ambao hawakujali viapo. Mtu kama Ngonyo, ambaye alikuwa amefanya biashara na Waingereza na kukaa nao kwa tahadhari, alikuwa na mali yake yote ng'ambo ya mto, na wengi wa aina yake ambao hapo awali walimwona Mekatilili kuwa ni kelele za wanawake wakajikuta wanatetea jambo lilelile kwa sababu zao wenyewe.

Kosa la pili lilihusu Kaya Fungo. Kwa kuwa viapo vililiwa humo, maafisa waliamini kwamba kaya ndiyo makao makuu ya uasi, na kwanza wakajaribu kuitumia, wakiwataka wazee waende humo kuvitengua viapo, kisha wakaamua kuifunga na kuiangamiza. Lakini kaya haikuwa makao makuu ya kitu chochote kwa muda wa miaka 40. Ilikuwa imegeuka kuwa mahali pa kukumbukwa, na ni serikali, kwa kuipa uzito huo, iliyowarudishia Wagiriama waliotawanyika kitovu kimoja cha kukasirikia. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani Ulaya, baruti ililipuliwa katika Kaya Fungo, miti mikubwa ikaangushwa, na malango yakabomolewa. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena mwezi huo na kupelekwa uhamishoni kwa mara ya pili. Kwa watu walioamini kwamba fingo ndilo lililoizuia njaa na maradhi, hilo lilikuwa tangazo la vita, hata kama Hobley aliliona kuwa ni hatua ya usalama.

Kisha vita vya dunia vikatoa kisingizio cha mwisho. Jeshi lilihitaji wapagazi kwa ajili ya mapambano dhidi ya Wajerumani, wapagazi ambao kikosi chao kiliacha jina la Kariakoo katika miji ya Afrika ya Mashariki, na Ugiriama ukatakiwa kutoa fungu lake. Champion alianza kuwatafuta vijana katika wiki zilezile ambapo habari za kulipuliwa kwa kaya zilikuwa zikitembea kutoka mji hadi mji, na vijana hao, ambao kwa miaka miwili waliambiwa kwamba wakichukuliwa hawatarudi, sasa waliitwa kwenda vitani, ambako kweli huenda wasingerudi. Katika msako huo askari polisi mmoja alidaiwa kumnajisi mwanamke wa Kigiriama, mishale ikarushwa, watu wakafa, na siku iliyofuata kambi ya Champion ikashambuliwa. Wanahistoria wamelijadili sana suala la iwapo shambulio hilo lilipangwa, na yaelekea jawabu la busara ni kwamba halikupangwa wala halikuwa la ghafla: hakuna aliyetoa amri, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Ukali wa jibu la serikali ulichochewa na hofu ya Wajerumani. Askari wa keya, yaani wa jeshi la King's African Rifles, ambao walikuwa wakihitajika mpakani, walitumwa Ugiriama kumaliza kazi upesi, na upinde na mshale wa sumu haukuwa na uwezo wa kukabiliana na bunduki. Kwa muda wa wiki kadhaa askari walichoma miji, wakateka mbuzi kwa maelfu na kuharibu chakula, na si Wagiriama wote walioshika silaha. Wengi walikimbilia msituni na watoto wao. Masharti ya amani yalisomeka kama orodha ya mambo yote ambayo serikali ilikuwa imeyataka tangu 1912: faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000, na kuhama kwa wote waliokuwa ng'ambo ya Sabaki.

Watu walihamishwa, na kusini ya mto walikuta ardhi iliyochoka na mvua haba. Faini ililipwa kwa kuuza mifugo iliyosalia. Lakini bei ya mpira ilikuwa imeshaanguka tangu 1913, makampuni yaliyotamani ardhi ya kaskazini hayakuwa na fedha za kuilima, na eneo lililokuwa likijaza majahazi likaota magugu wakati ambapo serikali ililazimika kufikiria namna ya kuwalisha watu iliowatoa humo. Uchunguzi wa serikali yenyewe, uliofanywa Malindi vita vya dunia vikiwa bado vinaendelea, ulionyesha kwamba uhamisho huo haukuwa na faida kwa upande wowote, na kabla ya muongo kwisha Wagiriama waliruhusiwa kuvuka mto tena. Mekatilili na Wanje walirudishwa kutoka uhamishoni mwaka 1919 wakaruhusiwa kuishi katika kaya, ambako serikali sasa iliwataka wazee walewale wa kambi wakae na kuisaidia kutawala, baada ya machifu wake kushindwa. Champion aliendelea na utumishi, akawa baadaye mkuu wa mkoa wa Turkana, ambako alijulikana zaidi kwa uchunguzi wake wa volkano. Vibarua 1,000 walipatikana mmoja mmoja kwa taabu, na mashamba makubwa ya Malindi yaliendelea kulalamika kwamba Wagiriama hawataki kazi.